Msemee Mwenzako Kwanza

4 Februari

Ndugu yangu Koma,

Huku tunaendelea, na asiyeendelea hataki kuambiwa. Goti la Mama limevimba tena, lakini mkongojo aliochongewa na shemeji yako ameugeuza wa kuanikia nguo. "Mkongojo ni wa wazee," anasema, mwanamke wa miaka themanini. Shemeji yako hajambo. Karakana yake imejaa majokofu ya watu, na la kwetu ndilo bovu kuliko yote. Mganga hajigangi. Mama anauliza kama huko kwa askofu mnakula au mnabarikiana tu.

Najua utasema ningepiga simu. Simu ni ya kuulizana hali. Baba alitufundisha kwamba ugomvi usiostahili karatasi haustahili kugombwa, na mtu aliyepanga herufi za risasi kwa vidole katika kiwanda cha uchapaji cha misheni mpaka vidole vikapinda alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wewe alikuita Koma kwa sababu ulikuwa unatua katikati ya kila sentensi. Mimi akaniita Mshangao. Kwa yeyote kati yetu hakukosea.

Sasa jambo lenyewe. Jana mkuu wa shule, huyu padri tunayemwita Taratibu, alituita walimu wote. "Taratibu, walimu wangu, taratibu," akaanza, hata viti hatujavuta, nikajua kuna kisu chini ya joho. Jimbo linaleta mtaala mpya. Karatasi yenyewe hakutuonyesha, alitudondolea tu kwa mdomo. Kuanzia Julai, madarasa mawili ya juu hayatasoma tena Mantiki na Mjadala. Kipindi changu cha mwisho cha Ijumaa kitakuwa cha somo linaloitwa Stadi za Mitihani.

Nikauliza, "Baba, stadi za mitihani ndiyo nini?"

"Namna ya kujibu maswali, Mwalimu."

"Maswali ya nani?"

"Taratibu, Mwalimu."

Kanuni ya darasa langu unaijua. Kijana anatoa hoja. Mwenzake haruhusiwi kuipinga mpaka kwanza amsemee: aieleze hoja ile upya, vizuri kuliko mwenyewe alivyoieleza, kisha aulize, "Je, hivyo ndivyo ulivyosema?" Mwenye hoja akiitika, "Ndiyo, hivyo ndivyo," hapo tu ndipo mlango wa kubisha unafunguka. Akikataa, mwenzake anarudia. Sikuitunga mimi. Walimu wa kale wa Kanisa lako waliandika hoja za wapinzani wao kwanza, kwa haki, ndipo wakajibu. Leo Kanisa hilohilo linataka kumfukuza bibi yake nyumbani eti kazeeka.

Na Novemba uliiona kwa macho yako, ulipotuletea Monsinyori, mkubwa wako katika ofisi ya elimu ya jimbo. Aliwahutubia vijana kwamba mtii wa kweli ni yule anayetii kabla ya kuelewa. Yule kijana mrefu wa dawati la mbele akamsemea, vizuri kabisa, akamuuliza. Monsinyori akaitika "Ndiyo" akitabasamu. "Basi, Monsinyori," kijana akasema, "mtu aliyemtii mwizi kabla hajamwelewa amekosa wapi?" Darasa likaangua kicheko. Hata Taratibu alikohoa ndani ya kitambaa. Monsinyori hakucheka.

Nakuuliza mambo mawili. Nani ameuandika mtaala huu? Na je, mtaala huu ulizaliwa siku ile ya Monsinyori?

Dada yako,
Mshangao


27 Februari

Dada mpendwa,

Barua yako ilinikuta nina mafua, ndiyo maana nimechelewa. Mwambie Mama tunakula, ila mpishi wetu ana mkono mzito wa chumvi, kwa hiyo tunabarikiana kwa maji mengi. Goti lake alikande kwa maji ya moto, na wewe uache kumtania kuhusu mkongojo, maana najua ni wewe.

Kuhusu mtalaa, jambo kama hili hupita katika kamati, na kamati haina jina. Naomba usilitafutie jina. Nisikilize badala yake.

Kinyozi mmoja, ambaye mwanawe yuko darasani kwako, alifunga kibanda chake akaja ofisini kwangu. Akasema, "Padri, zamani mwanangu alinishinda mbio tu. Sasa ananishinda maneno. Nikimwambia fagia, ananiuliza kama hivyo ndivyo nilivyosema. Sawa. Lakini hesabu kapata kumi na nane kwa mia. Nimlishe mabishano?" Nilicheka, dada. Wewe ungemjibu nini? Wazazi wanahamisha watoto wao. Shule ya misheni iliyokuwa ikitoa madaktari sasa inatoa watu hodari wa kuchelewesha vikao.

Mimi sidharau somo lako. Nasema kila kitu kina wakati wake, na wakati huu ni wa vyeti.

Ukikubali kufundisha Stadi za Mitihani, nafasi yako ni salama. Nimehakikishiwa. Ukikataa, sitakuwa na uwezo wa kukusaidia. Na nakuomba, usiandike gazetini. Kalamu yako naijua, nimewahi kuwa chini yake.

Mdogo wako,
Padri


8 Machi

Padri,

Tangu lini? Nilikubeba mgongoni, nikakufuta makamasi, leo unanisainia cheo. Haya. Mheshimiwa Padri, Mama amelikanda goti, maji yakamuunguza, amekulaani kidogo, kisha akakusamehe. Shemeji yako amelitengeneza jokofu letu hatimaye. Sasa linagandisha hata maziwa ya chai.

Kinyozi wako ana haki ya kulia, lakini umemwacha alie kwenye kaburi lisilo lake. Hesabu haikuuawa na mabishano. Mwalimu wa hesabu aliondoka mwaka jana, hatukuletewa mwingine, na sasa madarasa matatu yanarundikwa katika ukumbi mmoja na kufundishwa na mwalimu wa kemia ambaye naye anasoma usiku kile atakachofundisha asubuhi. Barua ya kuomba mwalimu ilitumwa ofisini kwako. Iko wapi? Mwambie kinyozi iliko.

Na Stadi za Mitihani nimezifikiria. Ni somo la kumfundisha kijana kunusa anachotaka msahihishaji. Apige mstari chini ya neno kuu. Asiandike anachofikiri, aandike kinacholipwa. Tutawafundisha hivyo miaka miwili, kisha wakiwa makarani, wabunge na mapadri wanaonusa wakubwa wao kabla ya kufungua mdomo, tutakaa mabarazani tukiuliza nchi imekumbwa na nini. Imekumbwa na wanafunzi wetu bora, basi!

Unasema somo langu ni anasa kwa mtoto wa kinyozi. Nakwambia ni kinyume. Mtoto wa tajiri hubisha mezani kwa baba yake kila siku, hukosea, husahihishwa, akafika mjini ulimi umeshanolewa. Mtoto wa kinyozi ana Ijumaa tu. Mkimnyang'anya hiyo, mnampa cheti na kumfunga mdomo kwa gundi ya cheti hichohicho. Halafu mnaiita huruma.

Sitalifundisha. Niondoeni. Gazetini sijaandika bado, na neno la kuangalia hapo ni "bado".

Nilikuuliza mambo mawili. Umenijibu habari ya chumvi.

Mshangao


17 Aprili

Koma,

Mafua haya sasa yamekuwa ndugu yetu wa tatu. Mama hajambo. Anasema kimya chako anakijua tangu ulipovunja kioo cha kabati ukajificha chini ya kitanda: "Akinyamaza, tafuteni vipande."

Nimevipata vipande.

Jumatatu Taratibu alibandika karatasi ya jimbo kwenye ubao wa chumba cha walimu. Haina sahihi wala jina. Nilisimama kuisoma na kikombe mkononi, kikombe kikapoa. Kutoka juu mpaka chini imeandikwa "mtalaa". Mtalaa mpya. Malengo ya mtalaa. Mtalaa huu unaondoa.

Magazeti yanaandika mtaala. Wizara inaandika mtaala. Makatibu wote wa jimbo, hata wale wasiojua pa kuweka herufi kubwa, wanaandika mtaala. Ni Baba peke yake aliyetupiga vidole kwa rula ya chuma kwa ajili ya silabi hizo mbili. "Mtaala ni chakula mlichopangiwa na wakubwa," alisema. "Mtalaa ni kusoma kwako mwenyewe, kwa macho yako. Asiyewapa watoto mtalaa asijisifu kwamba ana mtaala." Mimi niliacha kuandika hivyo chuoni, niliogopa kuchekwa. Wewe hukuacha. Ila ulishika herufi ukaangusha maana: neno la Baba la kusoma kwa macho yako mwenyewe umelipachika juu ya karatasi inayokataza jambo hilohilo. Mchapaji angekuona, angeirudisha kazi.

Kwa hiyo ni wewe, kamati isiyo na jina.

Nilitaka kuja huko na kupiga kelele getini kwa askofu. Kisha nikakumbuka kwamba nina kanuni, na kanuni isiyomfunga mwenyewe ni fimbo tu. Basi nakusemea.

Unasema hivi. Shule hii ni ya watoto ambao hawatapata nafasi ya pili. Mtihani ni mlango mmoja, mwembamba, na hukuutengeneza wewe. Mwalimu anayependa somo lake kuliko wanafunzi wake anajipenda mwenyewe. Kwanza waingie ndani, wapate mkate, kisha watajifunza kubisha wakiwa wameshiba, maana mwenye njaa akibisha hufukuzwa na mwenye shibe akibisha husikilizwa. Na unasema umekubali kuchukiwa na dada yako ili wao wapite.

Nimekusemea kwa haki, na hoja hiyo ni nzito. Iliniumiza kuiandika.

Je, hivyo ndivyo ulivyosema?

Mshangao


3 Mei

Dada,

Mafua yamekwisha. Mpishi amebadilishwa, huyu wa sasa hana chumvi kabisa.

Ndiyo, niliandika mimi. Niliombwa, nikakubali. Umefurahi kunikamata kwa tahajia? Baba angefurahi.

Swali lako la mwisho sitalijibu. Mimi si mwanafunzi wako, na sitachezeshwa mchezo wa darasani na mtu aliyenifuta makamasi, hata kama alinifuta kweli. Ijumaa nitapita huko kwa kazi ya ofisi, nitamwona Mama. Tusizungumze habari hizi mbele yake.

Padri


14 Mei

Koma,

Goti la Mama halijambo. Mwenyewe hana la kusema juu yako ila hili: "Amekuja kama upepo wa mlangoni. Kaubamiza, kaondoka." Shemeji yako alikuwa ameshakupakulia.

Nilikutazamia nyumbani tu, lakini ulianzia darasani. Kwa hilo ninakuheshimu, kwa hiyo nakuandikia kana kwamba hukuwepo, maana uliondoka kwa haraka na huenda hukuona ulichokiona.

Ubaoni palikuwa pameandikwa: "Mantiki na Mjadala lifutwe." Niliwaambia vijana, "Mwenye hoja ndiye huyu. Ni mdogo wangu, lakini leo hana dada." Mtu wa nyuma akasema, "Pole, Padri," wakacheka, nawe ukacheka. Kisha nikauliza nani atakusemea. Alisimama mtoto wa kinyozi. Sikumchagua mimi, na nilitamani akae.

Akasema, "Padri anasema baba zetu wanasimama kutwa nzima ili sisi tukae kwenye madawati haya. Anasema deni hilo halilipwi kwa maneno. Anasema ametazama alama zetu akaogopa kwa niaba yetu, kwa sababu sisi wenyewe hatuna akili ya kuogopa. Anaona heri tumchukie tukiwa na vyeti, kuliko tumpende tukiwa mitaani. Na ameondoa somo la dada yake mwenyewe, kwa hiyo hawezi kuwa anatafuta faida."

Hata mimi nilikaribia kulifuta somo langu.

Akakugeukia. "Padri, je, hivyo ndivyo ulivyosema?"

Ukatazama saa. Ukatazama ubao. Ukafungua mdomo, nikakujua, nikajua unatua tu, utaendelea. Badala yake ukasema, "Nina safari," ukachukua mkoba wako.

Sikiliza. Kanuni ina nafasi ya "ndiyo" na nafasi ya "hapana". Ya safari haina. Vijana hawakukujibu, kwa sababu hawana ruhusa ya kumjibu mtu ambaye hajaitika. Walikuwa na mengi, waliyameza. Nikawaambia wiki ijayo tutachukua hoja nyingine. Wamekataa! "Hii haijafungwa, Mwalimu," wakaniambia. Nikawatisha, wakanisemea vitisho vyangu vizuri kuliko nilivyovitoa, nikashindwa. Sasa kila Ijumaa watakaa na daftari zimefungwa mpaka uitike. Taratibu alichungulia akauliza kuna nini. "Tunamsubiri Padri," wakamjibu. Akaenda zake taratibu.

Koma maana yake ni kutua. Pia maana yake ni kuacha. Chagua.

Mshangao


9 Juni

Dada yangu Mshangao,

Nisalimie Mama, umwambie chakula alichopakua shemeji kilinifuata njia nzima. Umwambie pia nimetoka chini ya kitanda.

Sehemu inayofuata wasomee vijana.

Hapana. Sivyo nilivyosema. Mlinisemea vizuri kuliko nilivyosema, tena kuliko nilivyofikiri, na ndiyo maana sikuweza kuitika. Ningeitika, ningekuwa nimewaibia hoja. Hoja yangu ilikuwa hii. Novemba, garini, tukirudi, Monsinyori alisema, "Shule inayomfundisha mtoto kuniuliza mimi, imebakiza kumuuliza nani?" Kisha akasema anataka mtalaa mpya kabla ya mwezi kwisha. Hakunitajia somo. Hakuwa na haja. Nilinusa. Sababu zote nilizokuandikia niliziokota baadaye, na kinyozi alikuja ofisini karatasi ikiwa imeshapigwa chapa. Kwa hiyo kijana akae, na asirudie kunisemea, maana hakuna zaidi ya hayo. Mwambieni tu kwamba alinipa hoja ambayo ningependa kuwa nayo.

Mwisho wa sehemu ya vijana.

Juzi nilisimama mbele ya baraza la elimu nikasema karatasi ile ni yangu, na kwamba naiondoa. Monsinyori akasema karatasi ikishapita haina mwenyewe. Nikamwambia basi alifute somo kwa kinywa chake, darasani, siku ya Ijumaa, kwa kanuni, vijana wamsemee na yeye aitike. Akasema, "Padri amechoka." Mjumbe mmoja akajibu, "Mbona anaonekana ndiyo kwanza ameamka?" Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyepiga kura pia. Karatasi inasimama mpaka kikao kijacho, wameahirisha.

Mimi hawakuniahirisha. Wamenipeleka parokia ya mwisho wa barabara, na naondoka Jumatatu. Barua ya kuomba mwalimu wa hesabu niliikuta chini ya rundo langu mwenyewe. Nimeisaini na kuipeleka kwa mkono, nikasimama pale mpaka ikapigwa muhuri. Ndiyo kazi ya mwisho niliyofanya katika ofisi ile, na labda ndiyo ya kwanza.

Sijui kama somo lako litapona. Najua halitafutwa tena na mtu asiye na jina.

Mdogo wako,
Koma


16 Juni

Koma wangu,

Mama ameshika mkongojo. Si kwa sababu ya goti, anasema, ni wa kwenda nao kwa askofu kumuuliza kwa nini mwanawe kapelekwa mwisho wa barabara. Shemeji yako amemfichia viatu.

Niliwasomea. Mtoto wa kinyozi alisikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza, "Kwa hiyo hoja imefungwa, Mwalimu?" Nikamwambia imefungwa. "Basi tumeshinda?" Nikamwambia hapana, tumesikilizwa, navyo ni vitu viwili. Akafungua daftari.

Taratibu amenipa barua: nichague mwenyewe kabla ya Julai, Stadi za Mitihani au nyumbani. Nimemrudishia nikiwa nimesahihisha tahajia tu. Kuanzia leo naandika mtalaa. Wacheke.

Ijumaa ya kwanza ya Julai nitaingia darasani kama kawaida. Wakitaka kunitoa, watanitoa mbele ya watu. Hoja imeshaandikwa ubaoni na vijana wamemkataza mfagiaji kuifuta: "Mtii wa kweli ni yule anayetii kabla ya kuelewa." Kiti cha mwenye hoja kiko mbele, kimefutwa vumbi, na mwaliko wa Monsinyori ameupeleka kijana mrefu kwa mkono wake.

Aje. Tutamsemea vizuri kwanza.

Mshangao